Amri ya Bia ya Mwaka 1516: Jina Lake, Maana Yake, na Majina ya Bia za Kijerumani

Juu ya chupa nyingi za bia zitokazo Ujerumani huandikwa maneno ya kumwarifu mnywaji ya kuwa bia ile imetengenezwa kwa kufuata amri ya mwaka 1516. Amri hiyo kwa Kijerumani huitwa Reinheitsgebot, neno lililoungwa kwa maneno mawili: Reinheit, yaani usafi, na Gebot, yaani amri. Usafi utajwao hapa si ule wa kuoshwa uchafu, bali ni hali ya kitu kisichochanganywa na kingine. Asomaye maneno hayo hudhani ya kwamba watawala wa karne ya 16 walitunga sheria juu ya usafi wa bia, wakaipa jina hilo, na ya kuwa sheria ile imedumu bila kubadilika hata leo.

Dhana hiyo si sahihi. Andiko la mwaka 1516 lipo na lasomeka, lakini jina lake limeonekana kwanza mwaka 1918, yaani miaka mia nne na miwili baadaye. Jina la karne ya 20 limevikwa andiko la karne ya 16, na tangu hapo watu wengi wamelisoma andiko kwa kulifuata jina. Makala haya yaeleza jinsi bia ya Kijerumani itengenezwavyo, andiko lenyewe lasema nini, na majina ya bia mbalimbali yahifadhi habari gani ambazo jina la amri huzificha.

Kazi ya kutengeneza bia

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuieleza kazi hii, kwa kuwa upikaji wa pombe ya nafaka ni kazi ya kale katika Afrika ya Mashariki. Shayiri hulowekwa katika maji siku mbili au tatu, kisha hutandazwa mpaka ianze kuchipua, halafu hukaushwa kwa joto. Nafaka iliyotendewa hivyo huitwa kimea, na jina hilo, maadamu latokana na kitenzi kumea, laonyesha wazi kazi yenyewe. Punje inapochipua huumba ndani yake nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Kimea hupondwa, hutiwa katika maji ya moto, na wanga wake hugeuka sukari. Maji hayo matamu huchujwa na kuchemshwa pamoja na hopi, hupozwa, kisha hutiwa chachu. Chachu hula sukari, nayo hutoa kileo pamoja na hewa ile ifanyayo povu.

Hopi ni mmea upandao juu ya nguzo na nyuzi, na maua ya mmea jike ndiyo yatumikayo. Kazi yake ni mbili: huipa bia uchungu, na huizuia isiharibike upesi. Hildegard wa Bingen, mtawa wa karne ya 12, aliandika ya kuwa hopi huzuia vinywaji visioze. Katika siku zetu nchi ya Hallertau, kaskazini ya München, ndiyo yenye mashamba makubwa ya hopi kupita sehemu zote za Ujerumani. Walakini kabla ya hopi kuenea, sehemu nyingi za kaskazini na magharibi zilitumia mchanganyiko wa majani uitwao Gruit. Haki ya kuuza mchanganyiko huo ilikuwa mali ya mtawala, naye aliitoza fedha. Kwa hiyo swali la nini kitiwe katika bia lilikuwa tangu zamani swali la kodi, wala si la ladha peke yake.

Kuhusu chachu, yafaa kulinganisha lugha. Wajerumani huiita Hefe, jina lenye shina moja na kitenzi heben, yaani kuinua; wao walikiona kile kiinuacho. Neno chachu la Kiswahili lashirikiana na kitenzi kuchacha, yaani kuwa kali. Hapa kilichotazamwa ni ladha. Hamira imetoka katika Kiarabu. Kila lugha iliipa kitu hicho jina kwa kadiri ya kile ilichokiona, maana chanzo chenyewe kilikuwa hakionekani kwa macho.

Andiko la mwaka 1516

Tarehe 23 Aprili 1516, katika mji wa Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria, Wilhelm IV na nduguye Ludwig X, walitangaza amri juu ya uuzaji wa bia katika miji, masoko na vijiji. Andiko ni fupi, na jambo litajwalo kwanza ni bei. Tangu sikukuu ya Mikaeli Mtakatifu, tarehe 29 Septemba, mpaka ya Georg Mtakatifu, tarehe 23 Aprili, kipimo kiitwacho Maß, yaani lita moja na zaidi kidogo, kisizidi bei ya Pfennig moja ya fedha ya München. Katika miezi ya joto Maß isizidi Pfennig mbili, na kipimo kidogo kiitwacho Kopf kisizidi Heller tatu.

Maneno hayo mawili ya mwisho hayana ugeni mkubwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Kopf leo ni kichwa kwa Kijerumani, lakini zamani lilikuwa chombo cha kunywea, na asili yake ni Kilatini cuppa. Kutokana na shina hilo hilo Kireno kikapata copo, na Kireno ndicho kilichokipa Kiswahili neno kopo. Heller ni sarafu ndogo iliyopewa jina la mji wa Hall katika nchi ya Schwaben, na kwa kawaida ilikuwa nusu ya Pfennig. Jina hilo lilihamishiwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, rupia ilipogawanywa katika Heller mia moja badala ya pesa sitini na nne. Utawala ule umekwisha, na sarafu zake pia zimekwisha, lakini hela imebaki kuwa jina la fedha yo yote.

Baada ya bei ndipo yafuatapo maneno yaliyoipatia amri sifa yake: kwamba katika bia pasitumiwe kitu kingine ila shayiri, hopi na maji. Atakayevunja amri kwa kujua, hakimu wake amnyang'anye pipa la bia kila mara, bila msamaha. Mwisho yatajwa ruhusa ya mwenye hoteli kununua bia na kuiuza tena kwa watu wa kawaida.

Mambo matatu yaonekana katika andiko. La kwanza, neno usafi halimo. La pili, chachu haikutajwa. Wapika bia waliijua, maana waliiona ikikusanyika na waliitumia mara kwa mara. Ila haikuhesabiwa kuwa kitu kitiwacho kama nafaka itiwavyo. Hata kimea hakikutajwa, bali shayiri tu. La tatu, kwa kuchagua shayiri amri iliiacha ngano nje. Wanahistoria wengi hueleza jambo hilo kwa haja ya mkate: ngano ilikuwa nafaka ya kuliwa, na upikaji wa bia ungaliweza kuipandisha bei.

Tena amri haikubaki vile vile hata huko Bavaria kwenyewe. Mwaka 1551 giligilani iliruhusiwa, na mwaka 1616 chumvi na kisibiti. Juu ya ngano habari ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1548 ukoo mmoja wa watu wakuu, ukoo wa Degenberg, ulipewa haki ya kupika bia ya ngano. Ukoo huo ulipokwisha mwaka 1602, haki ilirudi kwa mtawala Maximilian I, naye akaifanya biashara yake mwenyewe, ikamletea mapato makubwa. Yaani lile lililokatazwa raia lilikuwa halali kwa mtawala. Hapo jina la amri ya usafi haliwezi kueleza kitu. Linaloeleza ni mapato.

Bia ya ngano yenyewe huitwa Weizenbier, yaani bia ya ngano, au Weißbier, yaani bia nyeupe. Majina haya mawili si mageni kwa kila moja, maana Weizen na weiß ni ndugu: ngano ilipewa jina kwa weupe wa unga wake.

Majira ya mwaka katika majina

Mwaka 1553 mtawala Albrecht V alikataza kupika bia baina ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba. Sababu ilikuwa joto, kwa kuwa bia iliyopikwa wakati wa kiangazi iliharibika upesi, na moto wa mitambo ya kupikia ulikuwa hatari kwa miji ya nyumba za mbao. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1850 tu. Matokeo yake yameingia katika msamiati. Bia iliyopikwa mwishoni mwa majira, yenye kileo kingi kidogo ili idumu mpaka Septemba, iliitwa Märzen, yaani ya mwezi wa Machi. Bia iliyowekwa katika ghala za chini ya ardhi pamoja na vipande vya barafu iliitwa Lagerbier, kutoka kitenzi lagern, maana yake kuweka akiba. Neno lager sasa latumika duniani kote kama jina la aina ya bia, na wengi walitumiao hawajui ya kuwa asili yake ni habari ya ghala.

Kwa kupika wakati wa baridi peke yake, wapika bia wa Bavaria waliipa nafasi chachu ya namna ya pekee. Chachu za bia ni za namna mbili. Moja hufanya kazi katika joto la kadiri na kupanda juu ya bia; nyingine hufanya kazi katika baridi, polepole, na kushuka chini ya pipa. Ya pili, ambayo wataalamu huiita Saccharomyces pastorianus, ni chotara. Mzazi wake mmoja ni chachu ya kawaida ya mkate na bia. Mzazi wa pili, Saccharomyces eubayanus, alitambuliwa mwaka 2011 katika misitu ya Patagonia, kusini ya Argentina, na baadaye akaonekana pia katika sehemu nyingine za dunia. Katazo la mwaka 1553 halikuwa na nia ya kuchagua chachu. Lakini kazi ya baridi, mwaka hata mwaka, iliisaidia ile iipendayo baridi.

Ujuzi wa mambo haya ulikuja katika karne ya 19. Carl von Linde, akisaidiwa na Gabriel Sedlmayr mwenye kiwanda cha Spaten mjini München, alijaribu mashine zake za kutia baridi katika miaka ya 1870. Tangu hapo bia ya baridi iliweza kupikwa mwaka mzima. Louis Pasteur alitoa kitabu chake juu ya bia mwaka 1876. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika kiwanda cha Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza chachu kutoka chembe moja. Ndipo kitu cha nne, kilichokuwa kimesahauliwa katika andiko la 1516, kikapata nafasi yake katika sheria.

Miji katika majina

Majina mengi ya bia za Kijerumani ni majina ya miji. Bia ya Einbeck, mji wa kaskazini, ilisifiwa sana zamani na kusafirishwa mbali. Watu wa Bavaria walilitamka jina la mji Ainpöck. Kwa kuwa silabi ya kwanza yafanana na neno ein, yaani moja, wasikiaji waliikata, ikabaki Bock. Na Bock kwa Kijerumani ni beberu la mbuzi; ndiyo maana picha ya mbuzi huonekana juu ya chupa za bia hiyo, ijapokuwa mbuzi hana uhusiano wo wote nayo. Badiliko la namna hii si geni katika Kiswahili. Neno la Kiarabu kitāb lilipoingia, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, wingi ukawa vitabu.

Pils au Pilsner ni bia ya mji wa Pilsen katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Aliyeipika mara ya kwanza, mwaka 1842, ni Josef Groll, fundi kutoka Vilshofen katika Bavaria. Ufundi ulikuwa wa Bavaria, maji laini na hopi vikawa vya Bohemia, na jina likawa la mahali ilipopikiwa. Leo bia ya namna hiyo hunywewa sana Ujerumani, nayo huhesabiwa na wengi kuwa ya Kijerumani kabisa.

Katika bonde la mto Rhein namna ya kale ya chachu ya juu haikuachwa. Mjini Düsseldorf bia hiyo huitwa Alt, yaani ya zamani. Jina hili halikuweza kutungwa ila baada ya namna mpya kufika, maana hakuna aitaye kitu cha zamani kabla ya kuja kipya. Mjini Köln bia huitwa Kölsch, na hilo ndilo jina la lahaja ya mji pia. Mwaka 1986 wenye viwanda vya huko waliafikiana juu ya nani aruhusiwe kulitumia jina hilo, na mwaka 1997 likapata ulinzi wa sheria ya Ulaya. Lahaja haikulindwa vivyo.

Jina lililokaribia kupotea ni Gose. Limetokana na mto mdogo upitao katika mji wa Goslar, na bia yenyewe, yenye ukali kidogo, hutiwa chumvi na giligilani. Kwa muda mrefu makao yake makubwa yalikuwa Leipzig. Mwaka 1966 kiwanda cha mwisho mjini humo kiliacha kuipika, na kwa miaka ishirini haikupatikana, mpaka ilipofufuliwa mwaka 1986. Kama amri ya 1516 ingalikuwa kweli ndiyo kipimo cha bia ya Kijerumani, Gose isingehesabiwa kuwa bia, ingawa ni ya Kijerumani kwa asili, kwa jina na kwa kazi.

Jina la amri na nguvu yake

Neno Reinheitsgebot limepatikana kwanza katika taarifa za baraza la kutunga sheria la Bavaria, tarehe 4 Machi 1918, katika hotuba ya mjumbe Hans Rauch. Wakati huo jambo lililobishaniwa lilikuwa kodi ya bia na sheria ya dola. Mwaka 1906 sheria ya kodi ya bia ya sehemu za kaskazini ilikuwa imeagiza ya kuwa bia ya chachu ya chini itengenezwe kwa kimea cha shayiri, hopi, chachu na maji tu. Lakini bia ya chachu ya juu iliruhusiwa kupata kimea cha nafaka nyingine, na sukari pia. Bavaria ilishika sheria yake iliyo kali zaidi. Kwa hiyo neno lilitungwa katika mabishano, nalo lilikuwa na kazi ya kutetea desturi ya nchi moja kwa kuipa heshima ya ukale.

Nguvu ya neno ilionekana zaidi baadaye. Sheria ya Ujerumani ilikataza kuuza kwa jina Bier kinywaji kisichofuata masharti yake. Tarehe 12 Machi 1987 Mahakama ya Jumuiya za Ulaya iliamua ya kuwa Ujerumani haiwezi kulizuia jina hilo kwa bia zilizotengenezwa kwa halali katika nchi nyingine za Jumuiya. Katika hoja zake mahakama ilisema ya kuwa fikira za wanunuzi juu ya kitu hubadilika kwa wakati, na sheria ya nchi moja isizigandishe. Hiyo ni hoja ya sheria, lakini ni kanuni ya semantiki vile vile. Wenye viwanda wa Ujerumani wenyewe waliendelea kufungwa na masharti ya nyumbani. Hata hivyo, mwaka 2005 mahakama kuu ya mambo ya utawala mjini Leipzig iliamua ya kuwa bia nyeusi ya mji wa Neuzelle, katika jimbo la Brandenburg, ambayo hutiwa maji ya sukari, yaweza kuitwa Bier kwa kuwa ni bia ya namna ya pekee. Katika mashauri yote mawili hapakuwa na ugomvi juu ya afya ya mnywaji tu. Palikuwa na ugomvi juu ya nani amiliki neno moja la silabi moja.

Kutokana na habari hizi mwenye kutunga kamusi hupata onyo la kazi yake. Akiandika ya kuwa Reinheitsgebot ni sheria ya usafi wa bia ya mwaka 1516, atakuwa ametia tarehe ya kitu juu ya jina lisilokuwako. Yafaa aandike mambo mawili mbalimbali: amri ya bei na nafaka ya mwaka 1516, na jina la mwaka 1918 lililopewa amri hiyo na masharti yaliyofuata. Majina kama Märzen, Lager, Bock na Gose hayakutungwa kwa ajili ya kusifu; yalitoka katika mwezi, ghala, mji na mto, na kwa sababu hiyo ushahidi wake waaminika zaidi. Jina hushuhudia wakati lilipotungwa na haja ya waliolitunga. Juu ya kitu kilicholitangulia, shahidi ni andiko lenyewe.